Pointi za Kadi na Safari ya Kwa Mama

Wengi wetu tuna jamaa Uingereza au Kanada anayetamani kurudi Kidichi, akapite tena mashamba ya viungo na kumbusu mama yake mkono. Nauli ni nzito. Benki humwambia: nunua kwa kadi ya mkopo, kusanya pointi, upande ndege daraja la kawaida.

Tulipime jambo hili. Pointi hulipia kiti. Kodi na ada mara nyingi hubaki juu ya msafiri. Deni lisipolipwa lote kwa wakati, huingia riba, iliyoharamishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Riyadh mwaka 2000, halikuruhusu kadi yenye sharti la riba, hata kwa anayenuia kulipa mapema. Kadi inayokata fedha za mwenyewe liliiruhusu. Wapo wanazuoni wanaoilegeza ya mkopo kwa mwenye haja, maadamu halipi riba.

Mwenye shaka na awaulize wenye elimu. Lakini tuwaambie watoto wetu: mama hahesabu pointi. Heri mwana achelewe mwaka, aje kwa akiba ya halali. Wallahu aalam.