Kilima cha Mrima na Kibali Kilichokosekana

Wasomaji wetu wa Lunga Lunga na Msambweni hawahitaji kuelezwa Mrima ni wapi. Kwa wengine tuseme kwamba ni kilima kilichovikwa msitu, kusini mwa Kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wa Tanzania. Wazee wa kale walilitumia jina la Mrima kwa bara yote ya pwani iendayo kusini. Sisi leo twazungumzia kilima hicho kimoja na watu wanaoishi kandokando yake. Wengi wao ni Wadigo, Waislamu kama sisi, wanaolima mahindi na mihogo na kutunza minazi yao, na ambao kilima hicho kwao ni kaya, yaani msitu wa mababu usiokatwa ovyo.

Chini ya msitu huo mna madini. Iko niobiamu, inayotiwa katika chuma ili kiwe imara, na yako yale yanayoitwa madini adimu, yanayotakiwa mno siku hizi kwa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Mwaka 2013 kampuni iliyokuwa ikitafuta madini hapo, Cortec, ilitangaza kuwa thamani ya madini adimu ya kilima hicho ni zaidi ya dola bilioni 62. Hesabu za namna hii hupigwa kwa kutazama kilichomo ardhini tu, kabla ya kutoa gharama ya kukifukua, kukisafisha na kukisafirisha, na msomaji asizipokee kama fedha iliyokwisha kuwekwa benki. Hata hivyo zilitosha kulifanya jina la Mrima litajwe katika miji ya mbali ambayo watu wa Mrima hawajapata kuiona.

Lakini udongo huo una jambo jingine. Umechanganyika na thoriamu, na wataalamu waliopima wamekuta mionzi ya asili iliyo juu kuliko ya mahali pa kawaida. Basi kuufukua udongo wa Mrima si sawa na kuchimba kokoto. Vumbi lake litakwenda wapi? Maji yatakayosafishia mawe yatamwagwa upande gani, na visima vya watu viko wapi? Haya ndiyo maswali ambayo tathmini ya athari kwa mazingira huwekwa ili iyajibu, na yajibiwe kabla ya tingatinga la kwanza kupanda kilimani.

Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 imeliweka hilo wazi: mradi wa aina hii hauanzi mpaka tathmini ifanywe na mamlaka ya mazingira, NEMA, itoe leseni yake. Zaidi ya hayo, Mrima ni msitu uliohifadhiwa kisheria na tena ni turathi ya kitaifa, kwa hiyo wasimamizi wa misitu na wa makumbusho nao wana idhini yao ya kutoa au kuzuia.

Tarehe 7 Machi 2013, siku tatu baada ya uchaguzi mkuu, wakati nchi nzima ikisubiri matokeo, leseni maalumu ya kuchimba Mrima ilitiwa saini kwa muda wa miaka 21. Tathmini haikuwa imekamilishwa kama sheria inavyotaka. Wazee wa kaya na wakaazi waliokuwa wakilalamika kwamba hawakuulizwa walijikuta wakielezwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo waziri mpya wa madini, Najib Balala, aliifuta leseni hiyo pamoja na nyingine zilizotolewa katika kipindi kile cha mpito. Kampuni ilikwenda Mahakama Kuu ikashindwa mwaka 2015, ikakata rufaa ikashindwa tena mwaka 2017. Wakati huohuo ilikuwa imekwisha kulifikisha jambo hilo mbele ya kituo cha Benki ya Dunia kinachoamua migogoro ya wawekezaji na serikali, ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tarehe 22 Oktoba 2018 wasuluhishi watatu waliitupilia mbali dai hilo. Walisema leseni ile ilikuwa batili tangu siku iliyotolewa, kwa sababu hapakuwa na leseni ya mazingira wala idhini zilizotakiwa kwa msitu uliohifadhiwa. Kampuni ilijitetea kwamba maafisa wa serikali waliihakikishia kuwa mambo yako sawa. Ikajibiwa kwamba afisa hana uwezo wa kumsamehe mtu sharti lililowekwa na sheria. Ombi la kuitangua hukumu hiyo nalo lilikataliwa Machi 2021. Mabilioni ambayo yangelipwa kutoka katika kodi zetu, na ambayo yangetosha kujenga hospitali nyingi, yalinusurika kwa sababu ya kibali ambacho watu wenye haraka walikiona kuwa ni usumbufu wa ofisini.

Si kila mahali pwani palipopata bahati hiyo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007 bila ya tathmini. Miaka miwili baadaye kilimwajiri Bi Phyllis Omido, na moja katika kazi zake za mwanzo ikawa ni kusimamia ripoti ya tathmini hiyo, ilhali moshi ulikuwa umekwisha kuingia majumbani kwa watu. Ripoti ilipoonyesha kuwa kiwanda hakifai kuwa pale, haikumpendeza mwajiri. Kisha mtoto wake mwenyewe akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu, alikuwa akimnyonyesha. Kina mama wanaosoma gazeti hili hawahitaji maelezo yetu juu ya maana ya hayo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Risasi iliyokwisha kuingia katika mwili wa mtoto haingoji rufaa.

Lamu nako ujenzi wa bandari ulitangulia, na hukumu ya mwaka 2018 iliyosema kwamba haki ya wavuvi ya kushauriwa na ya mazingira safi imevunjwa ikaja baada ya bahari kuchimbwa. Walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.76, na malipo yenyewe yakaandamana na mivutano ya miaka.

Tumewasikia baadhi ya ndugu zetu wakisita kuutetea msitu wa Mrima kwa hoja ya dini. Husema kaya ni mahali pa mizimu, na Muislamu hana sababu ya kupigania mahali pa mizimu. Twaiheshimu ghera yao, lakini wamechanganya mambo mawili. Matambiko yana hukumu yake, nasi hatukuificha kamwe darasani. Miti, maji na afya ya watu vina hukumu nyingine. Madina yenyewe ina eneo lake la haram ambalo miti yake haikatwi na wanyama wake hawawindwi, na tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, yalikuwako malisho yaliyotengwa kwa maslahi ya umma. Mafakihi wetu, panapogongana madhara na manufaa, huanza na kuyazuia madhara. Mwenye kuzuia kilima kisifukuliwe kabla ya kujulikana vumbi lake litamfika nani hakushiriki tambiko lolote.

Wala hatusemi kwamba watu wote wa Mrima wanakataa uchimbaji. Umaskini uko, vijana hawana kazi, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewawekea wenyeji asilimia 10 ya mrabaha, kaunti asilimia 20 na serikali kuu asilimia 70. Wako wanaosema wachimbe, mradi watu wapewe haki yao. Wako walinzi wa kujitolea wanaowarudisha wageni wanaofika kwa magari makubwa. Wote wawili, kwa maoni yetu, wana haja ya jambo lilelile: kuiona ripoti kamili kabla ya kusema ndiyo au la. Hata mwenye kutaka kuuza shamba lake hulipima kwanza.

Na kampuni za nje hazijaacha kukiulizia kilima hicho. Kwa hivyo kina mama wa Mrima, na wa kila mahali penye kilima au mwambao unaotamaniwa, wajue haya. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, abandike matangazo, na atangaze katika redio kwa lugha ya wenyeji. Mkutano uliofanyika saa za kupika, au katika ofisi iliyo mbali ambako mwanamke hawezi kwenda na kurudi kwa siku moja, na wahudhurie watu ishirini waliolipiwa nauli, usihesabiwe kuwa umekwisha. Uliza ni nani aliyeandika kumbukumbu zake. Soma unachokitia saini, kwani karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa kwa ajili ya chai na mkate imewahi kuwasilishwa kuwa ni karatasi ya ridhaa. Anayechota maji kisimani na kumpeleka mtoto zahanati anajua mambo ambayo mtaalamu wa kukodiwa hayajui, na inafaa ayaseme yakaandikwa.

Ripoti ya tathmini si siri. Raia yeyote anaweza kuiomba NEMA, ambayo ina ofisi yake katika kila kaunti, na kuipelekea maoni yake kwa maandishi, hata kwa Kiswahili. Leseni ikitolewa na watu wasiridhike, wana siku 60 za kukata rufaa katika jopo la kitaifa linalosikiliza mashauri ya mazingira. Jopo hilo ndilo lililoifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu mwezi Juni 2019, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Siku hizo sitini hupita upesi. Msikiti ulio na ubao wa matangazo na ubandike tarehe ya mwisho pale mlangoni, upande wa wanaume na upande wa wanawake.