Sanduku lina kufuli tatu, na afisa hana hata ufunguo mmoja

Nikiwa chuoni, kabla sijaacha masomo, tulikuwa na chama. Wasee kumi na wawili, mia mbili kila Jumapili, na pesa zote zinaingia kwa simu ya mweka hazina. Muhula haukuisha. Mwenzetu alipata shida nyumbani, akachukua kidogo akidhani atarudisha, kisha akaona aibu kutuambia. Simu ikazimwa. Pesa zilienda, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mpaka leo hatusalimiani.

Hadithi hiyo ilinirudia juzi nikiwa Garsen, nimeketi kando ya mkutano wa kina mama chini ya mwarobaini. Katikati ya mkeka kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wanachama watatu, kila mmoja na ufunguo wake, walifungua mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti hana ufunguo. Mweka hazina pia hana. Anayelala na sanduku nyumbani ni mtu mwingine kabisa. Kabla pesa hazijahesabiwa, wanachama waliulizwa wiki iliyopita sanduku lilifungwa na shilingi ngapi. Wakajibu kwa sauti moja, bila daftari.

Na afisa wa maendeleo ya jamii? Alikuwa nyuma kabisa, kimya, kwenye kiti cha plastiki. Nilidhani ni mgeni kama mimi.

Mtindo huu wa sanduku ulianza Niger mwaka wa 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini, kisha ukaenea Afrika nzima. Unaweka hisa zako kila mkutano, na anayetaka mkopo anaomba mbele ya wote. Hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu, kwa hivyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Kuna pia mfuko mdogo wa pembeni wa ugonjwa na msiba. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, kila mtu anagawiwa akiba yake na faida, halafu mnaanza upya.

Ukiishi Nairobi au Mombasa unaweza kuuliza: si kuna mkopo wa simu? Sawa, lakini Tana Delta ina mambo yake. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliwahamisha watu, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji pale Lango la Simba. Shamba la ndizi likizama, mkopo wa simu haukusubiri. Wenzako kwenye mkeka wanajua kilichokupata, kwa sababu maji hayo hayo yamepita kwao.

Kuna jambo zito zaidi. Wapokomo wengi ni wakulima wa kando ya mto. Waorma ni wafugaji, na ng'ombe wao wakati wa kiangazi lazima wafike majini kupitia njia zinazoitwa malka. Malka zikizibwa na mashamba, au mifugo ikiingia kwenye mpunga, moto unawaka. Agosti 2012, zaidi ya watu 50, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliuawa kijijini Riketa. Disemba mwaka huo huo, zaidi ya 30 wakauawa Kipao. Sanduku haliwezi kumaliza kesi ya ardhi, tusidanganyane. Lakini mama anayeuza maziwa akishika ufunguo mmoja, na mama anayeuza ndizi akishika mwingine, hakuna anayefungua bila mwenzake. Kila wiki lazima wakutane, hata wiki ambayo kuna fununu mbaya.

Hapo ndipo kazi ya afisa inapoonekana. Kuunda kundi ni rahisi sana: tangaza kwenye baraza kwamba kuna msaada, kesho utapata majina mia. Kundi kama hilo linakufa mradi ukiisha, linabaki bango lenye kutu kando ya barabara. Afisa mzuri anakuja mikono mitupu. Anauliza watu tayari wanasaidiana vipi, maana kulimiana shamba na kuchangia msiba havikuletwa na serikali. Anawaacha wachaguane wenyewe. Wakibishana kuhusu faini ya kuchelewa, haamui. Anangoja tu, kwa sababu sheria waliyoigombania wataifuata.

Baadaye ndiyo anawasaidia na karatasi. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inataka angalau watu kumi, katiba, na kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha kundi. Ukipata cheti, mnaweza kufungua akaunti ya benki na kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo au ile ya wanawake. Lakini ukianza na cheti kabla ya kuaminiana, umejenga paa bila nguzo.

Mwanzoni afisa anahudhuria kila mkutano. Kisha anaruka mmoja, kisha miwili. Mtihani wa kazi yake ni siku ambayo hakuja na kundi likakutana.

Nilipokuwa nasikiliza, nilielewa kwamba chama chetu hakikuuawa na mwizi. Tulimpa mtu mmoja ufunguo wote, tukaita hiyo imani. Hata yeye tulimwonea, maana hakukuwa na mahali pa kusema nimekwama. Kwa hivyo kama wewe na mabeshte mnapanga kuanza chama mwezi huu, jina na nembo vinaweza kungoja. Chagueni kwanza watu watatu wa kushika funguo, na mkubaliane aliyekwama ataongea wapi.

Mkutano wa Garsen ulipofika kwenye mikopo, afisa aliinuka, akapanda bodaboda, akaondoka. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Walikuwa wanahesabu.