Je, Wajua? Rola, Karatasi na Hataza

Je, wajua kwamba kazi ngumu kuliko zote ndani ya skana si kusoma maandishi, bali ni kushika karatasi moja tu? Weka bunda la fomu za mkopo wa elimu ya juu kwenye trei ya mashine katika steshenari yoyote ya Masasi mjini. Mashine haina kidole cha kulowesha mate. Ina rola ya mpira upande mmoja na kipande cha kuzuia upande wa pili, basi. Rola huvuta karatasi ya kwanza. Kipande huizuia ya pili isifuate. Siri yote imo katika misuguano mitatu: mpira lazima uing'ang'anie karatasi kuliko kipande kinavyoing'ang'ania, na kipande nacho lazima kiing'ang'anie kuliko karatasi mbili zinavyoshikana zenyewe. Mpangilio huo ukivurugika, ama haiingii hata moja, ama zinaingia tatu kwa mpigo.

Vumbi ndilo linalouvuruga upesi zaidi. Mpira ukishika unga hulainika na kuteleza, na uwanda wa Newala hauna upungufu wa unga, hasa msimu wa kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiri unga. Ukiona skana inavuta hewa, jaribu kufuta rola kwanza kabla ya kuilaumu kompyuta.

Je, wajua kwamba skana za ofisi kubwa hutambua karatasi mbili zilizopandana kwa kuzipigia sauti? Ni sauti ya juu mno, sikio la binadamu haliisikii. Ikipita katika karatasi moja hufika upande wa pili ikiwa na nguvu ya kutosha. Zikiwa mbili, hewa nyembamba iliyo katikati huidhoofisha sana, na mashine husimama.

Kusoma pande mbili nako kuna njia mbili. Ya kwanza: karatasi husomwa upande mmoja, hurudishwa nyuma, hugeuzwa, husomwa upande wa pili, na mara nyingine hupitishwa mara ya tatu bila kusomwa ili kurasa zitoke kwa mpangilio wake. Ya pili: vihisi viwili, kimoja juu na kingine chini, karatasi inapita mara moja tu. Ya kwanza huokoa kihisi lakini hula muda na huzidisha kona za kukwamia. Mimi ningenunua ya pili, hata kwa kujinyima.

Je, wajua kwamba mashine ya fotokopi ilizaliwa kwa sababu ya makaratasi ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi? Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja jijini New York, na nakala hazikutosha kamwe. Tarehe 22 Oktoba 1938, mtaani Astoria, alipata nakala yake ya kwanza kavu. Hataza ya njia hiyo alipewa mwaka 1942, huku kampuni nyingi zikimkatalia. Mashine iliyotokana na wazo lake, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959 ikiwa na uzito wa karibu kilo 300. Karatasi zilipokwama ndani yake ziliweza kushika moto, hata kampuni ikaiuza pamoja na kizimamoto. Jina ililokipa lilionyesha kwamba kazi yake ni kuondoa mwunguo tu. Wauzaji ni wauzaji.

Skana ya kwanza ya kompyuta ni ya 1957. Russell Kirsch na wenzake huko Marekani waliingiza picha ya mwanawe mchanga, nukta 176 kwa 176.

Sasa swali lenyewe: njia mpya ya kupitisha karatasi katika skana ya pande mbili inaweza kupewa hataza? Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 inataka mambo matatu, yaleyale yanayotakiwa karibu dunia nzima: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi, na kiweze kutumika viwandani. La tatu ni jepesi kwa skana. La kwanza pia hupita mara nyingi, kwa kuwa ukihamisha rola moja tu mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiweka, tayari una kitu kipya. Wengi hukwama kwenye hatua ya uvumbuzi. Rola zinajulikana, kihisi kinajulikana, kona ya kugeuzia inajulikana. Je, kuviunganisha namna hii kungemjia fundi wa kawaida wa fani hiyo bila kuumiza kichwa?

Wachunguzi wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya wana mtego mzuri hapa. Huchukua mashine ya zamani iliyo karibu zaidi na ya mwombaji, hutafuta tofauti, kisha huuliza tofauti hiyo inatatua tatizo gani. Hawaulizi kama fundi angeweza kufanya hivyo. Huuliza kama kulikuwa na jambo la kumsukuma afanye. Mahakama Kuu ya Marekani nayo mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu pedali ya gari, ilisema kwamba fundi wa kawaida ana ubunifu wake, si roboti. Kuunganisha vitu vinavyojulikana na kupata matokeo yanayotarajiwa hakutoshi. Kwa hiyo anayesema "nimeongeza rola" atarudishwa. Anayeonyesha kwamba rola hiyo hiyo moja, ikizunguka kinyume, inageuza karatasi na pia kuizuia ya pili isifuate, huyo ana la kujitetea.

Je, wajua kwamba tatizo la kushika kimoja kimoja lilifika Masasi na Newala kabla ya skana? Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 vilitumia mashine za Oltremare ya Italia na Cashco ya Japani. Korosho imepinda, haina ukubwa mmoja, na ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Lazima ipangwe kwa ukubwa kabla ya kukatwa. Ila kilichoviua viwanda hivyo hakikuwa mashine peke yake. Korosho zenyewe ziliadimika: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000; kufikia 1986/87 zilibaki chini ya tani 20,000.

Turudi kwenye hataza. Si kila jambo jipya hupewa; ugunduzi, kwa mfano, haupewi. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963 aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Ulimwengu uliyaita matokeo hayo kwa jina lake, lakini hakuna ofisi ambayo ingempa hataza. Kinyago cha Kimakonde nacho hakiendi huko; kinalindwa na hakimiliki tangu kinapotoka mkononi mwa mchongaji, bila kusajiliwa.

Je, wajua kwamba hataza ina mipaka kama shamba? Iliyotolewa Japani haimzuii mtu wa Newala kutengeneza kifaa hichohicho na kukiuza Newala, mradi haijasajiliwa Tanzania, moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare. Hata ya Tanzania Bara haivuki maji: Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake.

Na maombi mengi duniani huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, michoro ikiwemo. Tovuti za Patentscope na Espacenet huyaonyesha bure. Fundi wa Masasi mwenye simu na bando anaweza kuona kila rola ilivyokaa.

Kwa aliyebuni chake, hata kama ni kidogo, sheria ya Bara ina cheti cha uvumbuzi mdogo kisichodai hatua ya uvumbuzi. Upya na matumizi vinatosha. Ila upya unaweza kupotea kwa kuonyesha hadharani. Basi wewe mwenye kifaa chako, pita kwanza BRELA, ofisi ya usajili ya Bara, kabla ya kukipeleka kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Ngongo.