Beni: Alerti ya Bungulu inapita kwa mikono ya nani?

Ni usiku ndani ya komini ya Bungulu, mjini Beni. Mkaaji mmoja anasikia risasi upande wa mashamba. Anachukua simu. Amwite nani, na aseme nini?

Njia ya kwanza ni ya viongozi wa chini. Nyumbakumi anapasha habari shefu wa avenyu, kisha habari inapanda kwa shefu wa kartie, kwenye komini, na mwisho kwa meya, ambaye tangu utawala wa kijeshi kuanza Mei 2021 ni afisa wa polisi. Njia ya pili ni shirika la raia na redio za mji. MONUSCO nayo ilijenga mitandao ya alerti: wakaaji walipewa simu, na Wakongomani walioajiriwa kando ya kambi za kofia za bluu wakawa daraja kati ya raia na walinda amani.

Kukaa katikati hivyo ni kazi kamili, tena ngumu. Mkulima anaeleza kwa Kinande, mwanajeshi anauliza kwa Kilingala, ripoti inaandikwa kwa Kifaransa. Jina la kijiji likikosewa, askari wanaenda upande mwingine.

Wakati wa Ebola, kutoka 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, watu 2,287 walikufa mashariki mwa Kongo. Wahamasishaji walipita nyumba kwa nyumba wakipeleka habari za wagonjwa na vifo. Pale uvumi ulipowatangulia, wagonjwa walifichwa na waganga walishambuliwa.

Sasa mji unazidi kukua. Watu wanahama vijiji juu ya mauaji ya ADF, na baada ya M23 kukamata Goma Januari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Beni. Mpangaji mpya hajui jina la avenyu wala simu ya shefu wake.

Kijana anayetaka kazi hii aanze na maswali: Umeona mwenyewe ao umeambiwa? Wapi hasa, karibu na mto gani, kanisa gani? Saa ngapi? Watu wangapi, na wanaelekea wapi? Ajifunze pia kuchunguza kabla ya kusambaza. Sauti ya zamani ikirushwa tena kwenye WhatsApp inaweza kukimbiza kartie nzima usiku.

Tena, anayepokea simu amrudishie habari aliyepiga: askari wametoka, ao bado. Novemba 2019, baada ya mauaji ya Boikene, wakaaji wenye hasira walichoma ofisi ya meya, wakilalamika kwamba wanauawa karibu na kambi bila kuokolewa. Raia ambaye amepiga simu mara tatu bila jibu, mara ya nne atakimbia bila kumwambia mtu, na jirani yake atabaki amelala.