Kuzima, Kufunga na Kukatiza: Uteuzi wa Vitenzi katika Maelekezo ya Seva

Mwandishi wa maelekezo ya kiufundi kwa Kiswahili hulazimika kuteua kitenzi kifaacho pale kompyuta inapotakiwa kuacha kazi. Kitenzi kilichozoeleka ni kuzima: huzimwa moto, taa na redio. Hata hivyo, katika seva za SPARC za Sun Microsystems, kampuni iliyonunuliwa na Oracle mwaka 2010, kitenzi hicho huficha matendo yenye matokeo tofauti.

Seva hizo zina programu ya msingi iitwayo OpenBoot, iliyohifadhiwa ndani ya chipu, ambayo huamka kabla ya mfumo endeshi wa Solaris. Fundi anayetaka kuifikia, kwa mfano ili apime vipuri au abadili diski ya kuwashia, hana budi kuusimamisha mfumo endeshi hadi lijitokeze neno ok, ishara kwamba OpenBoot inangoja amri.

Njia ya kwanza ni ya utaratibu. Amri shutdown -y -g300 -i0 huwatahadharisha watumiaji, huwapa sekunde 300 za kuhifadhi kazi zao, kisha husimamisha huduma moja baada ya nyingine. Njia ya pili, halt, huandika diskini data iliyosalia, lakini huruka hatua za kusimamisha huduma. Njia ya tatu ni kubonyeza vitufe vya Stop na A kwa pamoja: Solaris huganda papo hapo, na data ambayo haijaandikwa hubaki katika kumbukumbu. Amri go huiendeleza kazi. Anayeandika boot badala yake huipoteza data hiyo.

Kiswahili kinazo nyenzo za kuzipambanua njia hizi. Kufunga kunaifaa ya kwanza: duka hufungwa baada ya wateja kutoka na hesabu kukamilishwa. Kusimamisha kunaifaa ya pili. Kukatiza kunaifaa ya tatu, kwani mazungumzo hukatizwa neno likiwa bado mdomoni, nayo yaweza kuendelea.

Kuzima kubaki na maana yake ya kuondoa umeme. Seva iliyofika kwenye ok haijazimwa. Umeme ungali unapita. Msomaji aliyeambiwa “zima seva” aweza kubonyeza swichi, asilione neno ok, na data ikaharibika. Kosa hilo litakuwa limetokana na kitenzi, wala si na fundi.