Je, Wajua? Heshima Nayo ni Dawa

Ukisikia habari za watu wa asili wa Amerika, Australia au New Zealand, huenda mawazo yakakimbilia misituni na nyikani. Wengi wao leo ni watu wa mjini, na wakiugua wanapanga foleni kama jirani zao. Ila hawapokelewi sawa na jirani zao. Je, wajua kwamba…

• Nchini Marekani, zaidi ya 7 kati ya kila wenyeji asilia 10 wanaishi mijini? Sheria ya mwaka 1956 iliwahimiza wayaache maeneo waliyotengewa, wahamie miji kama Chicago, Denver na Los Angeles kutafuta kazi. Hospitali zao zilibaki huko walikotoka. Hadi leo, takriban asilimia 1 tu ya bajeti ya idara ya afya yao ndiyo inayotengewa huduma za mijini.

• Mwaka 2008, Brian Sinclair, mtu wa asili, alikaa saa 34 katika chumba cha dharura mjini Winnipeg, Kanada, mpaka akafa? Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na ugonjwa wake, maambukizi ya kibofu, ulikuwa unatibika. Baadhi ya wahudumu walidhani amelewa au amekuja kujipumzisha tu.

• Joyce Echaquan, mama wa watoto saba wa jamii ya Atikamekw, alirekodi kwa simu matusi aliyotupiwa na wahudumu akiwa kitandani? Ilikuwa Septemba 2020, katika hospitali ya Joliette, Quebec, Kanada. Alifariki siku hiyohiyo. Uchunguzi rasmi ulisema ubaguzi ulichangia kifo chake. Watu wake wakaandika Kanuni ya Joyce, inayodai kila mtu wa asili atibiwe bila kubaguliwa.

• Waaborijini wa Redfern, jijini Sydney, walifungua kituo chao cha afya mwaka 1971? Kilikuwa cha kwanza cha aina yake Australia, na madaktari wake wa mwanzo walijitolea. Leo vituo vinavyoendeshwa na jamii zenyewe nchini humo vimepita 140.

• Kwa Wamaori wa New Zealand, afya ni nyumba yenye kuta nne? Profesa Mason Durie, daktari wa magonjwa ya akili, aliueleza mfano huo miaka ya 1980: mwili, akili, roho na familia. Ukuta mmoja ukilegea, nyumba nzima iko hatarini. Kwa hiyo kumpa mgonjwa vidonge huku ndugu zake wamefungiwa nje ya wodi ni kutengeneza ukuta mmoja tu.

• Mjini Anchorage, Alaska, wenyeji asilia ndio wamiliki wa huduma yao ya afya? Katika Southcentral Foundation, daktari, muuguzi na mshauri wa afya ya akili wanamhudumia mgonjwa kwa pamoja, na tiba ya jadi ipo pia. Shirika hilo limepata tuzo ya kitaifa ya ubora ya Baldrige mara mbili, 2011 na 2017.

• Baadhi ya hospitali za Kanada zina vyumba maalumu vya kufukizia? Mitambo ya hewa huondoa moshi wa seji, mwerezi, tumbaku na nyasi za kunukia, ili mgonjwa afanyiwe ibada ya utakaso bila king'ora cha moto kulia. Mwaka 2015, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilitaka tiba za jadi zitambuliwe na zitumike pale mgonjwa wa asili anapoziomba.

• Fundisho la usalama wa kitamaduni katika tiba lilianzishwa na muuguzi? Irihapeti Ramsden, Mmaori wa New Zealand, ndiye aliyelijenga, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likaliingiza katika mafunzo ya uuguzi. Alishikilia kwamba muuguzi hawezi kujipa alama mwenyewe. Anayesema kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa.

Sinclair na Echaquan walifia ndani ya hospitali zenye madaktari, dawa na mitambo. Walichonyimwa hakihitaji bajeti: kusikilizwa na kuaminiwa. Hospitali yoyote, katika nchi yoyote, inaweza kuanza kukitoa leo.