Gasketi Ikiungua, Mkosaji Ni Nani?

Pistoni ya Honda CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5 tu. Petroli inapowaka juu yake, shinikizo ndani ya silinda hupanda hadi kufikia mara 40 au 50 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, na kwa kitambo kifupi mno joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Zidisha shinikizo hilo kwa eneo la pistoni, utapata nguvu inayolingana na uzito wa tani moja au zaidi, yote ikitaka kuing'oa hedi kutoka kwenye silinda. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kishindo hicho hurudi mara 50 kila sekunde. Na pale hedi inapokutana na silinda pamewekwa kipande kimoja chembamba, ambacho kwa kawaida unene wake haufiki hata milimita mbili. Hiyo ndiyo gasketi ya hedi.

Pikipiki inapoanza kuvuja mahali hapo, watu husema gasketi imeungua, wananunua nyingine, wanaifunga na safari inaendelea. Baada ya muda inaungua tena. Lawama huiangukia gasketi: ni feki, ni ya bei rahisi, duka limewapiga. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi gasketi hiyo ni shahidi tu wa kosa lililofanyika kwingine, na anayeitupa bila kuitazama anatupa ushahidi.

Gasketi yenyewe haina nguvu ya kuishika hedi. Kazi hiyo ni ya stadi nne za chuma zinazopita pembeni mwa silinda, pamoja na nati zake. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo sana na kutaka kurudi urefu wake, na mvuto huo ndio unaoibana hedi chini. Gasketi inaingia kujaza yale ambayo macho hayayaoni: mikwaruzo, mabonde na vilima vidogo vilivyoachwa na mashine ya kukatia chuma. Ikibanwa sawasawa, inalainika na kuyajaza. Ikibanwa upande mmoja zaidi ya mwingine, gesi itapata njia upande uliolegea, kwa sababu moto huo unatafuta upenyo mara 50 kwa sekunde na hauchoki.

Gasketi za zamani, za pikipiki zilizotengenezwa miaka ya 1970, nyingi zilikuwa na asbesto. Asbesto huvumilia moto vizuri, lakini vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani, na madhara yake huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Siku hizi hutumika grafiti, nyuzi zisizo za asbesto, au matabaka ya chuma chembamba, na kwenye tundu la silinda huzungushiwa pete ya chuma ili moto usiile moja kwa moja. Ziko pia za shaba tupu. Shaba ina sifa ya kupendeza: ikibanwa inakuwa ngumu, lakini ukiipasha moto hadi iwe nyekundu kisha ukaiacha ipoe, inarudi kuwa laini. Hizo pekee ndizo fundi mwangalifu anaweza kuzirudia. Nyingine zote, zikishabanwa mara moja, kazi yao imekwisha. Na ukikutana na gasketi ya asili kwenye pikipiki ya miaka hiyo, ilowanishe kabla ya kuigusa. Usiikwangue kavu, wala usipulize vumbi lake kwa kompresa.

Joto nalo lina hila zake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua injini yenye silinda na hedi za alumini, urefu wa milimita 100 kwa jumla, ipande joto nyuzi 130 kutoka ilipokuwa imepoa. Alumini itarefuka kama milimita 0.3, na stadi ya chuma kama nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba injini ikichemka inajibana yenyewe zaidi, na ikipoa inajilegeza. Gasketi huishi ikikandamizwa na kuachiwa kila siku. Injini ikichemka kupita kiasi, kwa sababu ya mzigo mkubwa kwenye mlima, oili iliyopungua au matope yaliyojaa kwenye mapezi ya kupozea, mkandamizo unapita mpaka: gasketi inasagika, au alumini iliyolainika kwa joto inabonyea chini ya nati. Ikishapoa, nafasi imebaki.

Nimeichagua CG125 kwa sababu ni injini ambayo wasomaji wengi wameishi nayo hata kama jina lake hawalijui. Honda iliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba familia nzima na oili hubadilishwa ikipatikana fedha. Badala ya kuiweka kamshafti juu kwenye hedi na kuizungusha kwa mnyororo, wahandisi waliiweka chini, ikazungushwa kwa gia, na valvu zikafunguliwa kwa pushirodi mbili. Ilitengenezwa Brazili, ilitengenezwa Pakistani, na viwanda vya China viliiga muundo wake kwa wingi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoleta bodaboda hadi vijijini kwetu zilikuwa na injini ya ukoo huo. Kwa mtu anayebadilisha gasketi, kuweka kamshafti chini ni zawadi kubwa: hedi hutoka bila kuvuruga mpangilio wa kamshafti, na injini hubaki kwenye fremu yake.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kinachovuja ni gasketi ya hedi. Oili inayoonekana kwenye maungio yake huenda imetoka juu zaidi, kwenye mfuniko wa valvu, ikatiririka na kupeperushwa nyuma na upepo. Osha injini hadi ing'ae, ikauke, paka poda kwenye mapezi, kisha endesha kidogo. Oili italowanisha poda ikianzia pale inapotokea. Ukishuku gesi, mimina maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa baridi na upige kiki taratibu: povu litatoka penye tundu. Upo uvujaji mwingine usioonekana kabisa nje. Kwenye CG, pushirodi hupita ndani ya njia iliyo ubavuni mwa silinda, na gasketi inazunguka matundu yote mawili. Ukuta wa kati ukiungua, gesi huingia kwenye njia ya pushirodi na kushuka hadi kwenye kranki. Huko inajaza shinikizo, na oili inaanza kurushwa nje kupitia bomba la kupumulia. Mwenye pikipiki huambiwa ringi zimekwisha, silinda inachongwa, na gasketi ndiyo iliyokuwa na shida.

Hedi hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa, nati zikilegezwa kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba. Alumini ya moto inayoachiwa upande mmoja kwanza hupinda. Pushirodi ziwekewe alama, ipi ya valvu ya kuingiza na ipi ya ekzosi, ili kila moja irudi mahali pake. Kisha ichukue gasketi ya zamani na uisome kwenye mwanga. Mstari mweusi wa masizi unaokatiza pete ya chuma unaonyesha gesi ilikopitia. Ukielekea kwenye stadi moja, ikague stadi hiyo na nyuzi zake. Ukiwa mpana upande mzima, shuku hedi imepinda.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa sababu kupima kunaonekana kupoteza muda. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na jani la geji hujaribiwa chini yake. Kwa injini ndogo kikomo cha kawaida ni milimita 0.1. Ikizidi hapo, gasketi mpya haitadumu hata ikiwa ya kampuni yenyewe. Upindaji mdogo huondolewa kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene, hedi ikizungushwa kwa mwendo wa namba nane hadi uso wote uwe na rangi moja. Mkubwa zaidi ni wa mashine. Mabaki ya gasketi yatolewe kwa mbao au plastiki ngumu. Bisibisi ikiichubua alumini, mchubuko huo utakuwa mfereji wa gesi.

Nimeona pia tiba mbili ninazozipinga waziwazi. Ya kwanza ni kupaka silikoni pande zote za gasketi ya hedi. Silikoni haiwezi moto wa chumba cha mwako, na ile inayobanwa ikatokeza kwa ndani humeguka, ikaziba njia nyembamba za oili. Ya pili ni kuweka gasketi mbili. Kwenye CG125, kila nusu milimita ya unene huongeza sentimita za ujazo 1.25 juu ya pistoni. Mgandamizo wa 9 kwa 1 unashuka hadi kama 8.4 kwa 1, na pikipiki inapoteza nguvu huku ikinywa petroli zaidi.

Kufunga ni kwa subira ileile. Gasketi iwe kavu, pini za kulengesha ziwepo zote, nyuzi za stadi ziwe safi na zenye oili kidogo kama kitabu kinavyoelekeza. Nati zikazwe kwa msalaba, kwa awamu tatu, awamu ya mwisho kwa spana ya kupimia. Nati za milimita 8 kwenye injini ndogo mara nyingi huhitaji niutonimita kati ya 20 na 30. Mkono uliozoea gari huvuka hapo bila kuhisi, ukachuna nyuzi au kuivuta stadi hadi isirudi.

Gasketi za nyuzi hutulia baada ya kupata moto wa kwanza, hivyo watengenezaji wengi hutaka nati zikazwe tena injini ikishapoa kabisa. Zile za matabaka ya chuma kwa kawaida hazihitaji. Baada ya hapo zigeukie tapeti, hata kama zilipimwa siku ya kufunga. Kwenye injini ya pushirodi, hedi ikishuka hata sehemu ndogo ya milimita, roka huisogelea pushirodi na nafasi hupungua. CG125 inataka milimita 0.08 injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo na alama ya T ikilingana. Gasketi iliyotulia kwa milimita 0.05 imekwishakula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. Ikiisha yote, valvu ya ekzosi haitafunga hadi mwisho, haitapoa kwenye kiti chake, na hedi itafunguliwa tena kwa sababu ya valvu iliyoungua.